Mita Mia Mbili Zilizopungua

Kila asubuhi kabla ya kengele, msichana aliyeitwa Chapuchapu na wenzake wanne walikimbia mizunguko minne ya kiwanja cha shule. Mzunguko mmoja ulihesabiwa mita mia tatu, jumla mita elfu moja na mia mbili. Anayemaliza ndani ya dakika nne anaingia kwenye timu. Jumatatu Chapuchapu alitumia sekunde mia mbili tu, na wote watano wakachaguliwa.

Katika kipindi cha hesabu walijifunza mwendokasi: umbali gawanya kwa muda. Chapuchapu akajaribu namba zake akapata mita sita kwa sekunde. Akakunja uso. Hata mbio fupi za mita mia moja yeye hutumia sekunde kumi na sita. Iweje mizunguko minne aikimbie karibu kwa kasi ileile?

Jioni aliazima futi ndefu ya baba yake, fundi mwashi, akapima kiwanja pamoja na rafiki yake Kijiti, mmoja wa wale watano. Mzunguko ulikuwa mita mia mbili na hamsini. Vibendera vya kuonyesha njia vilikuwa vimesogezwa ndani madarasa mapya yalipojengwa.

"Tumeshachaguliwa," Kijiti alisema. "Usilichokonoe."

"Kwenye mashindano hakuna atakayetupunguzia mita, mwenzangu."

Kesho yake alimweleza mwalimu wa michezo. Mwalimu akapima mwenyewe, kisha akafuta majina yote. "Ijumaa mnakimbia upya."

Kijiti alinuna siku nzima. Chapuchapu akamfuata na daftari. "Jumatatu nilikimbia mita elfu moja kwa sekunde mia mbili. Ni mita tano kwa sekunde. Tukishika kasi hiyo, tunamaliza kwa dakika nne kamili. Kila mzunguko sekunde sitini. Tusipapatike mwanzoni."

Ijumaa, kwenye kiwanja kilichopimwa vizuri, wengine walichomoka kama mshale. Chapuchapu na Kijiti wakawaacha waende. Mzunguko wa tatu wakaanza kuwapita mmoja mmoja. Chapuchapu alimaliza kwa sekunde mia mbili thelathini na nane, Kijiti sekunde moja nyuma yake. Watatu waliochelewa wakapewa wiki mbili za kujaribu tena.

Mwalimu aliwakusanya wote, bado wanahema. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Yetu ilipungua mita mia mbili, na bila huyu tungeaibika mbele za watu. Anayekagua hata hesabu inayompendelea, huyo ndiye mkweli."

Kijiti akamsogezea Chapuchapu chupa ya maji. "Kunywa wewe kwanza."