Malimau ya Bibi na Tarumbeta la Nunzia

Enyi wananchi wa Sisilia! Leo nautangazia ulimwengu kwamba katika ukoo wetu mtukufu wa walima malimau hapajapata kuonekana jino bovu!

Nilikuwa bado nimesimama juu ya kiti nikihutubia, dada yangu Nunzia alipong'ata barafu ya limau na kupiga yowe.

"Meno yananichoma! Nitapigaje tarumbeta Jumapili kwenye sikukuu?"

"Hupigi mswaki, mchafu wewe," akasema Bibi Assunta.

"Mchafu mimi? Nasugua kila nikimaliza malimau yako, Bibi, mpaka mkono unauma!"

Ni kweli. Kwetu mlo huishia kwa vipande vya limau na chumvi, kisha Bibi hutufukuzia kwenye mswaki papo hapo.

Daktari wa meno, Bi. Mangiameli, aliyakausha meno ya Nunzia, akayamulika.

"Unatapika? Una kiungulia? Soda je?"

"Hapana. Malimau tu."

"Hakuna lililooza. Lakini tazameni: yamekuwa laini na yanang'aa. Ncha za mbele zimekonda hadi mwanga unapita. Magego yana vishimo kama vijikombe. Asidi hulainisha jino, na mswaki wa haraka hulikwangua."

Bibi akafura. "Malimau yangu yashitakiwe? Wewe mwenyewe umekulia hayo hayo!"

"Kweli, Bibi. Kukamulia samaki, sawa. Kufyonza kila siku, hapana. Akila, asukutue kwa maji. Angoje kama saa nzima, ndipo apige mswaki laini, kwa dawa yenye floraidi. Kilicholika hakioti tena."

Akampaka floraidi, akazijenga upya zile ncha kwa jazo jeupe la meno.

Jumapili Nunzia alipuliza tarumbeta mpaka njiwa wakahama mnara wa kanisa. Mezani, Bibi aliweka jagi la maji palipokaa malimau. Daktari alikuwa mgeni wetu. Nikapanda kiti changu.

"Nawalaani wote waliomharibia dada yangu meno! Ni aibu! Ni unyama!"

"Saro," daktari akaniambia, "usifunge kinywa. Hebu sogea dirishani."

Akachungulia. "Vijikombe vyako vinashinda vya Nunzia."

"Huyu?" Bibi akashangaa. "Anakaa bweni! Huja likizo tu!"

Nunzia akakunja mikono. "Waambie, bingwa."

Nikashuka kitini.

"Bwenini tuna mashindano ya kufyonza malimau bila kukunja uso," nikasema. "Mwanzilishi ni mimi. Na kila likizo, wa kufanya naye mazoezi ni Nunzia."