Kabla ya Wimbo wa Kwanza

Siku ya Mfalme, sikukuu ya Waholanzi wote kuvaa rangi ya chungwa, mji mzima wa Utrecht hugeuka soko, na kila mwenye takataka huziita bidhaa. Jorinde alikuwa ametandika blanketi kando ya mfereji tangu asubuhi, amevaa gauni la rangi ya chungwa na buti za mvua, mbele yake CD mia nne na ushei. Zote alishazinakili kwenye kidude kidogo kama pakiti ya sigara. Kazi ya mwaka mzima! Sasa alitaka kabati libaki tupu.

Mkono ukashuka, ukachomoa CD moja isiyo na picha, yenye jina la Jorinde kwa wino wa kijani.

"Senti hamsini," Jorinde alisema bila kuinua macho.

"Yaani mimi ndiyo bei yangu hiyo?"

Akainua macho. Sietse! Fundi sauti wa ukumbi wa michezo, mwanamume aliyempenda miaka miwili, kisha Agosti iliyopita akatoweka bila kwaheri, simu hapokei. Amekonda, shati la chungwa limefifia, mkononi ana keki ya krimu.

"Wewe! Huna hata haya?"

"Nilikuwa napita tu. Kumbe nauzwa."

"Nimeshainakili. Hiyo uliyonirekodia sasa ni plastiki tu."

"Ungeitupa majini basi. Jibu ulishanipa, Jori. Kulikuwa na haja gani ya kunianika barabarani?"

"Jibu gani?"

"Usinichezee."

"Sietse, jibu gani?"

Akatoa simu, akamwonyesha ujumbe ambao Jorinde mwenyewe alimtumia Jumamosi moja ya Agosti. Hakuwahi kuufuta. *Nimesikiliza CD yako mwanzo hadi mwisho. Nzuri mno. Asante, mpenzi.*

"Niliusoma nikiwa stesheni," alisema, "nimevaa suti kama mjinga."

"Suti ya nini? Nilikushukuru kwa nyimbo! Nilizinakili zote kumi na moja, nikazisikiliza kwenye simu huku napika."

Krimu ilimdondokea Sietse kiatuni, hakuiona.

"Kumi na moja," alisema. "Na kabla ya wa kwanza?"

"Kabla ya wa kwanza kuna nini?"

Hayo ndiyo mambo ya mafundi sauti! Mtu mwenye akili zake angesema neno lake mezani, sahani zikiwa bado na chakula. Huyu aliificha sauti yake kabla ya wimbo wa kwanza, mahali usipofika mpaka ubonyeze kitufe cha kurudisha nyuma pale pale CD inapoanza. Kompyuta aliyonakilia Jorinde haikufika huko. Ilianzia wimbo wa kwanza, na Jorinde akaiamini.

Sietse alipomweleza, Jorinde aliruka blanketi hadi kwa jirani yake aliyekuwa akiuza redio kuukuu ya CD.

"Bi Truus, niazime hiyo! Ina betri?"

"Betri inazo, adabu ndiyo haina. Igonge kidogo."

Jorinde aliigonga, akabonyeza, akashikilia. Namba zikaanza kuhesabu kinyumenyume. Kisha sauti ya Sietse ikatoka:

"Jori, nikikutazama nashindwa kusema. Nataka kukuoa. Kama unakubali, njoo Jumamosi saa nne asubuhi, stesheni, jukwaa la saba, twende tukamwambie mama. Usipokuja nitaelewa, na sitakusumbua tena."

Wimbo wa kwanza ukaanza. Jorinde aliketi chini kwenye mawe.

"Saa nne ile nilikuwa nyumbani nanakili," alisema. "Nilikuwa nanakili, Sietse! Ulingoja mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Mpumbavu wewe! Si ungenipigia?"

"Nilisema sitakusumbua."

"Na mimi nilipokupigia je?"

"Nilidhani unataka kuniomba radhi. Nisingeweza kuisikia."

Jorinde akainuka, akampiga ngumi ya kifua, kisha akalishika shati lile lile na kulia mbele za watu. Sietse alimkumbatia, keki na yote.

Mzee mmoja aliinama juu ya blanketi. "Binti, hizi unauzaje?"

"Chukua zote, bure!"

Jorinde aliitoa CD ile moja ndani ya redio, akaisukuma kifuani ndani ya gauni.

"Mama yako yupo nyumbani leo?"

"Yupo," Sietse alisema. "Lakini Jori, leo treni zimejaa, hakuna pa kukaa."

"Tutasimama," Jorinde alisema, na alikuwa ameshaanza kutembea.