Kata ya Kwanza

Jagi lilianza kukauka siku ya tatu baada ya sindano. Hadiya alilijaza maji mwenyewe asubuhi, akaliweka karibu na kiti cha mama yake, Bi Sada. Chai haijachemka, jagi tupu, kavu hadi kwenye kitako.

"Mama, umekunywa?"

"Sijaligusa, mwanangu."

Uso wa mama ulikuwa laini ajabu. Hadiya alikuwa na saluni hapo Katesh, na kama fundi yeyote mwenye haraka ya kusifiwa, alijifunzia kwenye uso wa mama yake. Sindano ilikuwa ya hyaluroniki, dawa inayovuta maji na kuyashika chini ya ngozi ili mikunjo ijae. Maji ya dripu ya kuizimulia yalikuwa yamekwisha na bomba halitoi hata tone, basi akapanda na ndoo hadi kwenye chemchemi ya mlimani. Wenyeji wakifika pale huchota kata ya kwanza, wakaomba ruhusa, wakairudisha. Hadiya aliwacheka kimoyomoyo. Alichota, akachemsha, akachuja, akazimulia dawa, akamdunga mama. Iliyobaki kidogo akajidunga mwenyewe katikati ya nyusi, asimwambie mtu.

Kuchemsha huua vijidudu, sawa. Mwenye maji si kijidudu.

Siku ya tano nyumba ilinuka tope. Siku ya sita, mchana kweupe, Hadiya alimkuta mama mbele ya kioo, na ule uso haukuwa tena wa mama yake, wala wa ujana wake kwenye picha za harusi, ulikuwa wa msichana asiyejulikana, umejaa, unang'aa, na chini ya ngozi kitu kilipita polepole kutoka shavu hadi shavu kikitafuta pa kulala, huku macho ya mama, yaleyale ya siku zote, yakimtazama kutoka ndani kwa hofu.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Bibi Fabiola, muuza maziwa, mwenye miaka sabini na kitu. Kila siku Bi Sada ndiye aliyemwamkia. Leo bibi alitua dumu, akapiga goti.

"Shikamoo," alinong'ona.

"Marahaba," ikajibu sauti nzito isiyo ya mama.

Hadiya alimshika bibi bega. "Bibi, unamwamkia nani?"

"Mwenye chemchemi. Ulichota bila kumrudishia, eeh? Tumpeleke kwake sasa hivi, kabla hajapazoea."

Walimpandisha Bi Sada mlimani wakimshika mikono. Bibi Fabiola alichota kata ya kwanza, akairudisha, akasema Kiiraqw kwa upole, kama mtu anayemwomba radhi jirani. Hadiya akainamisha uso wa mama majini. Pale sindano ilipopita, maji yakaanza kutoka, meusi, yakanuka, kisha yakawa safi. Bi Sada akainuka na mikunjo yake yote, na Hadiya akaipapasa mmoja mmoja akilia kwa furaha.

"Kuna mwingine uliyemdunga?" bibi aliuliza.

Hadiya aliona aibu. Fundi mzima, kajidunga kwa siri!

"Hakuna, bibi."

Asubuhi alifungua mlango kupokea maziwa. Bibi Fabiola alimtazama katikati ya nyusi, dumu likamponyoka, akapiga goti kwenye maziwa yaliyomwagika.

"Shikamoo," alisema.

Hadiya alikaza meno kwa nguvu zake zote asijibu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Marahaba."