Amplifaya Iliyopona Kupita Kiasi

"Niambie ukweli mtupu, Fundi. Ipi nzuri?"

Mwalimu mstaafu alikuwa ameketi kwenye stuli yake ya kila siku, mkoba mapajani. Mezani kulikuwa na amplifaya mbili. Moja ya marehemu mumewe, nzito ya kuvunja mgongo, mbao zake zimechujuka. Nyingine mwanawe alimletea juzi: mpya kutoka kiwandani, ila imevalishwa sura ya kizee, na mishale inayocheza nyuma ya vioo vya njano. Ungesema babu na mjukuu.

Fundi alipiga wimbo uleule kwenye zote mbili. Alikuwa mgane, mpole, na ukimuuliza habari za vyombo hajui kukudanganya hata kwa faida yake.

"Mpya ni nzuri," alisema. "Safi, haina mvumo. Unaunganisha na simu, na rimoti inayo."

"Na ya zamani?"

"Hii sauti yake imeshiba. Mwimbaji utadhani kaketi hapa na sisi. Ikiumwa naifungua, nabadilisha kilichokufa. Ile mpya vipande vyake kama punje za mtama. Ikifa, unatupa bodi nzima."

"Lakini haifi ovyo."

"Haifi ovyo. Mwanao kakununulia kitu."

Mwalimu aliinamisha macho. Huyu mwanamume, jamani! Muda wote huu yeye Mwalimu anapanda teksi na mzigo ule, leo haiwaki, kesho imekata sauti, na soga zao haziishi mpaka jua linazama. Sasa atakuja kutengenezewa nini?

"Kwa hiyo hii ya zamani niitupe?"

"Hasha! Niachie. Safari hii nitaitengeneza mpaka ikome. Hutaileta tena hapa kwangu."

Aliyasema kwa mapenzi, maskini. Kwa fundi, zawadi gani inazidi hiyo? Mwalimu yeye alisikia mlango ukifungwa.

"Sawa," alisema, akaondoka chai hajaimaliza.

Fundi alifanya kazi kwa moyo wote. Aling'oa kapasita zote kuukuu akaweka mpya, akasafisha kitufe cha sauti kilichokuwa kikikwaruza, akachomea upya kila palipolegea. Kisha akamwandikia Mwalimu kwenye simu:

"Mwalimu, tayari. Imepona kabisa. Njoo uisikie."

Jibu likaja: "Ahsante, Fundi. Mwanangu atapita kuichukua."

Fundi akarudisha kabatini kikombe cha pili alichokuwa ameshakitoa.

Mwana alipofika, hata salamu haikukamilika.

"Fundi, umemfanya nini mama? Ile mpya hajaiwasha hata mara moja. Nikitaka kumwashia, ananiambia kichwa kinamuuma."

"Mimi? Nimemtengenezea chombo chake kisiharibike tena, basi."

Kijana alimtazama, akaanza kucheka.

"Fundi, siku moja nilimkuta mama anachomoa fyuzi ya hii ya zamani kwa mkono wake, pale nyuma. Nikadhani ni uzee. Ndiyo maana nikanunua mpya!"

"Ya fyuzi nayajua."

"Unayajua? Na ukanyamaza?"

"Ningesema, asingerudi."

"Basi hayo kamwambie mwenyewe. Mimi sibebi kitu."

Akatoka mikono mitupu. Fundi alikaa akiitazama simu, mwishowe akapiga.

"Mwalimu, mwanao kagoma kuibeba."

"Kwani imeharibika?" Sauti ya Mwalimu ilichangamka.

"Haijaharibika. Ndilo kosa langu. Nimeiponya kupita kiasi."

Akaendelea kabla Mwalimu hajajibu.

"Mwalimu, fyuzi ikiungua hubaki palepale. Haina miguu."

"Ee Mungu wangu! Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Aibu gani hii, na utu uzima wangu!"

"Aibu ni yetu sote. Nilikuwa nikishaweka fyuzi, nafungua na vipande visivyo na ugonjwa, ili usiondoke mapema."

Mwalimu alicheka.

"Sasa imepona, Fundi. Nitakuja na sababu gani?"

"Njoo bila mzigo. Nakupenda. Kuremba maneno sijui."

"Hayahitaji kurembwa. Bandika chai, nakuja."

Hawakuchelewa kuoana, watu wazima wanangoja nini? Siku ya harusi mwana aliibeba ile amplifaya kuukuu mpaka ukumbini, akilalamikia mgongo njia nzima. Muziki ukalia vizuri ajabu, watu wakacheza. Bwana harusi peke yake hakucheza, mashemeji walimbana kwenye kona wakimweleza habari za redio zao mbovu nyumbani.

Ghafla, katikati ya wimbo, kimya. Wageni wakageuka.

Bibi harusi alikuwa amesimama nyuma ya meza ya muziki, ametulia tuli, kiganja kimoja amekifumba.

"Mama!" mwanawe alinong'ona. "Umefanya nini tena?"

"Imezima, mwanangu," alijibu. "Mwite mume wangu aje aiangalie."