Matita ya Mafunjo

Kiboko aliibuka chini ya boti, boti ikapinduka, na watu watatu wakamwagika ziwani saa nne asubuhi. Kemilembe alidaka mafunjo, akajivuta juu, kisha akamvuta wifi yake Stephania kwa gauni. Cassian, muongoza watalii wao, alikuwa ameshatangulia kupanda. Muongozaji mzima!

Hasira zilimpanda Kemilembe kuliko woga. Kabla ya kuondoka alikuwa ameulizia jaketi za kuokolea. Cassian akajibu kwamba zimefungiwa stoo, ni za wageni wa nje, bosi hataki zichafuke. Naye Kemilembe akanyamaza, maana kwao Kimuli amelelewa hivyo: ukiwa kwa watu humkosoi mwenyeji. Ujinga mtupu, na sasa aliuona.

Pangaboi la injini ya boti lilikuwa limempasua Stephania paja. Kemilembe alichana kitenge chake, akalifunga paja kwa nguvu.

"Wifi, usilale. Nitazame."

"Nakutazama. Nasikia baridi."

"Tutulie, mama," Cassian alisema. "Haya mafunjo yameshikana na nchi kavu. Wenzangu watatufuata."

Kemilembe alitazama kilima cha ng'ambo. Mti uliokuwa mkono wake wa kulia sasa ulikuwa kushoto. Nchi kavu gani! Walikuwa juu ya pande la mafunjo linaloelea, na upepo ulikuwa unalisukuma katikati ya ziwa. Kitenge kilikuwa kimelowa damu tayari. Wakikaa pale, Stephania angekufa.

"Unajua kuogelea?"

Cassian aliinamisha kichwa. "Hapana, mama. Mimi wa Rugu, nimekulia migombani."

"Na bado ukapakia watu majini."

 

Kemilembe naye hakujua kuogelea. Alichojua ni nyasi. Kila Krismasi yeye ndiye hukata nyasi za kutandika sebuleni, akazifunga matita na kuzibeba kichwani bila unyasi mmoja kudondoka. Akamnyang'anya Cassian kisu chake, akaanza kukata mafunjo na kuyachuna maganda yawe kamba.

"Kaza. Hapo umelegeza. Fungua, funga upya."

Walifunga matita sita, wakayaunganisha, wakamlaza Stephania juu. Kisha wakaingia majini, wakashikilia ukingo na kupiga mateke. Viboko walikoroma upande wa kushoto, wao wakapita mbali kuwakwepa. Jua likawachoma visogo. Cassian alitaka kunywa maji ya ziwa.

"Acha. Hujaona mavi ya viboko? Piga mateke."

Misuli ikakaza, midomo ikapasuka. Kila Stephania alipofumba macho, Kemilembe alimfinya. Saa tisa miguu yao iligusa tope, na wavuvi wakambeba Stephania hadi zahanati. Alishonwa nyuzi kumi na nne. Mganga akasema ataishi, ila wangechelewa kidogo tu, basi.

Bosi wa Cassian alifika na kreti ya soda, shati limepigwa pasi.

"Poleni sana, mama. Ni mambo ya Mungu haya."

"Mungu hakufunga stoo," Kemilembe alisema.

Bosi akafungua chupa moja, akampa. Ilikuwa ya baridi, na Kemilembe hakuwa amegusa tone tangu asubuhi. Kwao, kukataa kinywaji cha mwenyeji ni kumtukana usoni. Kemilembe alilijua hilo vizuri. Akairudisha chupa mkononi mwa bosi, ikiwa imejaa vilevile, akamwuliza kituo cha polisi kiko upande gani.