Mwanamke wa Onyesho la Saba

Kulikuwa na mwanamke wa ziada ndani ya filamu. Mhariri wa picha, ambaye wenzake walimwita Jicho la Mwewe kwa kuwa hakuna kosa lililompita, alimwona saa nne asubuhi kwenye onyesho la saba. Bibi harusi analia mbele ya kioo, na ndani ya kioo, nyuma yake, amesimama mama mmoja aliyejifunika shuka jeupe. Siku ya kupiga picha hakukuwa na mama yeyote chumbani mle.

"Kivuli tu hicho. Kikate," mwongozaji alisema, bila kuitazama skrini.

Jicho akamtilia shaka papo hapo. Asiye na hatia hutazama.

Akakata. Aliporudi kutoka kula, onyesho lilikuwa limerudi, chumba kinanuka udongo uliolowa, na yule mama amesogea hatua moja mbele.

Akamwita shangazi yake, aliyewahi kushona mavazi ya waigizaji wa jukwaani. Shangazi alitupa jicho mara moja tu, akashika kifua.

"Mwanangu, huyu alikuwa mtunzi wetu wa michezo, tulimzika kwa mikono yetu. Na maneno ya bibi harusi ni yake, aliyaandika kwenye daftari, akamkabidhi jini wake alilinde. Nani kaligusa?"

Jicho akamgeukia mwongozaji, aliyekuwa amefika mlangoni. "Uliniapia hadithi ni yako, kaka. Na jina langu limo kwenye filamu hii."

"Daftari nililikuta stoo ya jukwaani," mwongozaji alinong'ona. "Nikajua maiti hadai."

"Maiti hadai," shangazi akajibu. "Mlinzi wake je? Kalirudishe kwa binti wa marehemu, umwombe msamaha kwa mdomo wako."

Jioni ile ile wakaenda wote watatu. Binti wa marehemu aliwafungulia, akafunga mlango kwa komeo, akasikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe. Andikeni tu jina la mama kwanza."

Mwongozaji akashusha pumzi. Binti akafunua daftari apate kuuona mwandiko wa mama yake, akafika ukurasa wa mwisho, na hapo uso ukambadilika, maana wino ulikuwa mbichi ukimchafua vidole, na harufu ya udongo ikapanda kutoka kwenye karatasi, ikajaa sebuleni hadi Jicho akahisi kama wamefukiwa wote wanne, na binti, kwa sauti nzito isiyokuwa yake, akasoma:

"Mwizi anaomba msamaha. Binti anakubali. Mama anakataa."

Jicho akageuka. Kiti alichokalia mwongozaji kilikuwa kitupu, na komeo halijaguswa.