Risasi Ambayo Gatakaa Hakuinunua

Bastola ikinuka baruti, hilo si la kushangaza. Lakini ile aliyopewa Mama Mwendwa aishike, pale dukani mjini Meru, haikuwa imefyatuliwa tangu mwenyewe azikwe. Ilikuwa imesafishwa na kupakwa mafuta, na bado ilinuka kana kwamba mtu ametoka kupigwa nayo nyuma ya kaunta.

"Ni mafuta ya zamani hayo," akasema Mithika mwenye duka, na macho akayapeleka kando.

Mama Mwendwa, Gatakaa kwa jina lake la nyumbani, hakuwa mtu wa kutishwa na harufu. Wezi wa kahawa walikuwa wamemvunjia stoo kule Githongo, wakamfunga kamba kwenye kiti cha marehemu mumewe, Mutembei. Alipofunguliwa aliapa hatafungwa tena akiwa hai. Akazungushwa ofisi hii na ile mpaka kibali cha silaha kikatoka. Bastola mpya haikumudika, basi akachukua kuukuu, rivolva yenye silinda ya kuzunguka, iliyoachwa na msafirishaji mmoja wa Maua aliyeitwa Ugas.

Idil, mjane wa Ugas, alikuja kutia sahihi. Alipomaliza akamshika Gatakaa mkono, akamwambia polepole, "Dada, iweke kwa sanduku la chuma. Isikae na chakula." Gatakaa akadhani ni mambo ya mafuta na sumu, akaitikia tu.

Kilichochukua muda ni kuchagua risasi. Zile ndefu zenye nguvu Mithika alizirudisha mwenyewe, akasema chuma cha babu huyu kitampasukia mkononi. Zile za kichwa cha mviringo zinapita ukuta wa mbao na kuendelea na safari, na nyumba za Githongo ni mbao, na ng'ambo ya ukuta kuna watoto wa watu. Gatakaa akachagua zenye shimo kichwani, ambazo hufunguka na kukomea pale zilipompata mwizi.

"Tia tano," Mithika akamwonya. "Tundu lililo chini ya nyundo liache wazi. Hizi za zamani zikianguka hulia zenyewe."

Nyumbani sanduku la chuma halikuwepo. Kulikuwa na ghala. Na kwa watu wa kule Githongo ghala ni la mama mwenye nyumba. Mwanamume hata awe anakufa njaa hatii mkono humo. Mwizi gani basi angethubutu? Gatakaa akaifunga bastola kwa kitambaa, akaizika katikati ya mahindi, akalala usingizi mzuri.

Asubuhi alipokwenda kuchota ya kuchanganya na maharagwe apike githeri, mahindi yalikuwa na joto. Akaifukua bastola, akafungua silinda. Tano zake zilikuwepo. Katika lile tundu la wazi ilikaa ya sita, nyeusi, ina mafutamafuta, vuguvugu kama yai lililotoka chini ya kuku.

Akaitupa risasi hiyo chooni, akasikia ilivyotumbukia. Aliporudi kutoka kanisani, ilikuwa imerudi mahali pake. Githeri ikawa na ladha ya baruti. Kuku wakayakataa yale mahindi, wakasimama mbali wakiyatazama kwa jicho moja.

Kisha alasiri moja, ukungu ukishuka kutoka mlimani na kumeza miti ya kahawa mstari kwa mstari, Gatakaa alikuwa akianua nguo aliposikia ghala linamwita, kwa Kimeru, kwa sauti ya Mutembei, ile sauti nzito ya mtu aliyemaliza kula.

"Gatakaa. Hiyo ya sita ni ya Kobia."

Kobia ni ndugu ya Mutembei. Tangu mazishi alikuwa anausogeza mpaka kidogokidogo, leo anang'oa mkahawa, kesho anapanda nyasi za nepia, na kila Gatakaa akilala alikuwa anamwua kwenye ndoto na kuamka akiomba msamaha. Kumbe kuna aliyekuwa anasikiliza.

Alisogea akaweka mdomo kwenye ubao wa ghala. "Wewe si Mutembei," akanong'ona. "Mutembei hakuniita hata siku moja bila kukohoa kwanza."

Mahindi yakaporomoka kidogo humo ndani.

Halafu kitu kikakohoa.

Alimpigia Idil simu akiwa amejifungia jikoni. Idil hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza, "Umeiweka wapi?"

"Ghalani."

"Aliye ndani yake umempa malazi na chakula, dada. Sasa anajihesabu wa nyumba, na anataka kukulipa wema. Kwetu alikaa kwenye lori la mchele."

"Anaondokaje?"

"Sijui. Mume wangu alimtii."

Gatakaa akasema yeye hatamtii. Akatoa risasi zote, akazimwaga chooni, akavaa koti la kanisa, bastola mfukoni, akashika njia ya kituo cha polisi kuisalimisha kwa serikali.

Njia inapita mpakani. Kobia alikuwepo na panga, anakata mkahawa alioupanda Mutembei mwenyewe.

"Mke wa ndugu yangu," akasema bila kunyoosha mgongo, "koti la Jumapili siku ya kazi? Kama ni kwa chifu, mwambie nimemsalimia."

Mfukoni silinda ikazunguka yenyewe, taratibu, tak, tak, na joto likapenya koti mpaka pajani, na harufu ya baruti ikajaa ukungu wote, na sikioni pakakohoa mtu, na mkono wa Gatakaa ukaingia mfukoni kama mkono wa mtoto unaoongozwa na mkubwa, ukatoka na chuma, ukanyooka mpaka kifuani mwa Kobia, na kibaya zaidi ni kwamba nusu ya mkono ule haikulazimishwa, nusu ile ilikuwa yake mwenyewe na ilikuwa inafurahi.

Panga likamwanguka Kobia. Nyundo ya bastola ikaanza kuinuka.

Gatakaa akachomeka mkono wa kushoto, nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, pale pale nyundo inapopigia. Ikashuka, ikamng'ata hadi kwenye mfupa. Hakulia.

"Umelala ghalani mwangu," akasema. "Umekula mahindi yangu. Sasa umekunywa na damu yangu, ndiyo utakayopata, ya huyu hupati. Kwetu mgeni akishiba huaga. Aga."

Chuma kikatetemeka kama mbwa aliyekanyagwa. Kisha kikawa chepesi, na kitu kikapita katikati ya mikahawa kuelekea mtoni, na kila kilipogusa majani yalijikunja yakawa meusi, na kule chini vyura wote wakanyamaza kwa pamoja.

Alipofungua silinda hapakuwa na risasi hata moja, ni damu tu.

Kobia alikuwa amekaa chini kwenye tope. Aliinuka polepole, akavua shati, akalirarua, akaanza kumfunga mkono ule. Kisha, kwa sauti ndogo, kwa sababu Kobia ni Kobia, akasema, "Lakini mpaka bado uko pale kwenye nepia."

"Na mimi bado niko hapa," Gatakaa akamjibu. "Kaza hicho kitambaa, shemeji. Kisha tuanze kugombana vizuri."